Nusu Kidonge Msimu wa Ndege

Mama yangu alikuwa na sauti. Hapa kwetu Kibaoni, mpunga ukianza kuinamisha vichwa, kila familia hupeleka mtu shambani kuamia ndege. Anakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, anawapigia kelele kwelea tangu jua linapochomoza mpaka linapozama. Ukisinzia kidogo tu, umewalimia wao. Wengine hupiga madebe, wengine hurusha udongo kwa kombeo. Mama hakuhitaji debe. Akipaza sauti, ndege wa kwetu na wa majirani wawili waliinuka pamoja, na watu walisema kupakana na yule mama ni bahati.

Ugonjwa wake ulianza miaka michache iliyopita, baada ya mavuno, wakati hatuna shida yoyote. Hilo ndilo lililoniudhi. Hakufiwa, hakuibiwa, hakugombana na mtu. Aliacha tu kulala. Akawa anapika ugali wa watu kumi, anapanga viti uani, anawajibu wageni ambao sisi hatuwaoni. Alikonda mpaka gauni lake la kanisani likamning'inia. Tulimwombea, tukamchemshia mizizi, na mimi mwenye hasira za karibu nikamwambia mbele za watu aache kujifanya. Sijawahi kumwomba msamaha kwa neno lile.

Mwishowe tukapanda basi kwenda Mpanda. Daktari aliyetupokea alikuwa na subira kuliko mimi. Alisema kwenye ubongo wa kila mtu kuna kemikali zinazopitisha taarifa kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na hizo ndizo zinazoamua kama utalala, utakula, utafurahi, utafikiri sawasawa. Kwa mama zilikuwa zimevurugika. Si tabia, alisema, na si mapepo. Aliponiona nimekunja uso, akabadilisha maneno.

"Dada, nyie si mnalima mpunga? Maji yakizidi kwenye jaruba, mpunga unaoza. Yakipungua, unakauka. Hivi vidonge vinasaidia maji yakae pale pale. Asubuhi kimoja, jioni kimoja, asiache hata akipona."

Nilielewa. Shida ni kwamba nilielewa kupita kiasi.

Vidonge vilifanya kazi. Haikupita miezi miwili mama akawa analala, anakula, anauliza wanangu wamefanya nini shuleni. Siku aliyonigombeza kwa kuunguza maharage nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Kitu kimoja tu kilibaki: akishameza, mwili ulikuwa mzito, na mchana alisinzia popote alipokaa.

Halafu mpunga ukainamisha vichwa. Mume wangu alikuwa Ikola ziwani, akivua dagaa, watoto wako shule, na shamba letu lina madungu mawili. Nikapanda moja, mama akapanda la pili. Siku ya tatu nilisikia upande wake kumenyamaza. Nilipofika, mama amelala kakumbatia nguzo ya dungu, mdomo wazi, na kwelea wamekaa juu ya mpunga wetu kama wako kwao. Kona nzima ilikuwa imebaki makapi. Nilimwamsha kwa kelele ambazo ningepaswa kuwapigia ndege. Aliangalia ile kona, akasema, "Nisamehe mwanangu, macho yanafunga yenyewe."

Jioni ile nilikata kidonge kwa kisu cha kukatia mboga. Sikumwambia mtu. Nilijiambia, maji yakizidi kwenye jaruba si unafungua tuta kidogo, yapungue, halafu unaziba? Nimefanya hivyo tangu utoto. Ndege wakiisha nitarudisha kidonge kizima, na maji yatarudi pale pale. Nikampa nusu jioni na nusu asubuhi. Alimeza bila kuuliza.

Kwa wiki moja niliona nina akili kuliko daktari. Mama alichangamka, sauti ikarudi, akawa anaimba nyimbo za kwaya juu ya dungu na kuwatania majirani kwamba ndege wao wamekuja kumsalimia. Watu walinipongeza kwa kumtunza. Nilizipokea pongezi zote.

Wiki ya pili aliacha kushuka kula. Nilimletea chakula, akasema hana nafasi. Kisha siku moja adhuhuri, mbingu tupu, hakuna hata ndege mmoja, nilimsikia akipiga kelele kwa nguvu zake zote. Nilikimbia. Alikuwa ameshuka majini, anang'oa mpunga kwa mikono, mashina mabichi na mizizi yake, anayatupa nyuma. Ndege wanamtaja jina, alisema, wanataka kumla, bora wasikute kitu. Nilimshika, akaniuma mkononi. Majirani watatu ndio waliomtoa.

Tulirudi Mpanda kesho yake. Daktari yule yule aliniuliza, "Dawa alikuwa anameza kama nilivyoandika?"

Nikajibu, "Ndiyo, daktari."

Hata leo sijui neno lile lilitoka wapi. Niliona aibu tu. Kwa jibu langu aliamini kwamba dawa imeshindwa, akambadilishia, akampa kali zaidi. Kosa langu la kwanza nililifanya kwa kisu, la pili kwa mdomo, na la pili ndilo lililomlaza mama.

Sauti za ndege zilikoma, lakini na ya mama ikakoma pia. Mikono ilimtetemeka, mate yakamchuruzika, akawa anatembea kwa hatua fupi kama anayepita kwenye utelezi. Ukimpa chakula anakula, usipompa haombi. Nilikuwa namwogesha mwanamke ambaye zamani akikohoa tu nanyooka. Nilivumilia kliniki moja, ya pili nikashindwa, nikamwambia daktari ukweli wote, kisu na nusu na yote.

Nilitaka anitukane. Alifungua faili, akaandika. Alisema ataipunguza hii taratibu na kumrudisha kwenye ile ya mwanzo, kizima, asubuhi na jioni.

"Atarudi kama zamani?" nikauliza.

"Tunajaribu, dada. Ubongo si jaruba. Ule ulikuwa mfano tu."

Zamu ya vidonge vya zamani ilipofika, mpunga uliobaki tulikuwa tumeshauvuna, umeanikwa kwenye turubai uani. Mama nilimweka kwenye kiti pembeni yake. Shorewanda, wale ndege wadogo wa majumbani, walishuka, kwanza wawili, kisha kundi zima, wakala nafaka miguuni pake. Nilisimama mlangoni, kidonge kiganjani, nisiwafukuze. Nilikuwa nasubiri yeye apige kelele. Hata kelele ndogo. Aliwatazama tu, na wao hawakumwogopa.

Nikamwendea nikamwekea kidonge mkononi, na kikombe cha maji. Hakumeza. Alikigeuza kwa kidole kinachotetemeka, upande huu, upande ule, akipapasa ukingo wake kama anatafuta mahali kilipokatwa.

"Leo umenipa kizima," alisema. "Ndege wameisha?"

Walikuwa pale pale, baina ya miguu yetu, wanakula.

"Wameisha, mama," nikasema.

Akakimeza.