Ndoo ya Kahawa Darasani

Msimu wa kahawa ukifika huku Mbozi, harufu ya maganda mabichi hunirudisha kwenye dawati langu la shule ya msingi.

Siku ile mwalimu wetu wa Kiingereza aliingia na ndoo ya maji, akamwaga humo punje za kahawa zenye maganda yake kutoka shambani kwake. Mimi nilikuwa bingwa wa kukariri, nikajua nitang'ara tu. Akaanza kutuamuru kwa Kiingereza: koroga, ondoa zinazoelea, minya hizi nyekundu. Nikabaki nakodoa macho. Jirani yangu wa dawati, msichana ambaye akiulizwa Kiingereza aliinamisha kichwa mpaka tukamwita bubu, alikuwa ameshazamisha mikono ndooni.

"Haya, sasa amuru wewe," mwalimu akamwambia.

Msichana akanigeukia mimi. Kiingereza kikamtoka, sentensi nzima nzima, kwa lafudhi yetu ya Kinyiha: nitupe zile zinazoelea, nisichanganye mbichi na mbivu! Mwalimu akajishika mdomo.

"Mwanangu, siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapahapa, mwalimu," akajibu kwa Kiswahili, mikono bado majini. "Ila ulikuwa hujaleta ndoo."