Aliyemwosha Baba Eli

Usiku ule nilikwenda kulala na hasira. Si hasira ya machozi. Ilikuwa ile ya kukaza taya na kuvuta shuka kwa nguvu, kana kwamba shuka ndilo lililokukosea.

Jioni yake wazee wa kanisa walikuwa wamekuja nyumbani, Mzee Kirenga akiwatangulia. Wakaketi, wakanywa chai, wakaniambia kwamba kesho Jumapili Aikande atarudi kundini. Yaani atasimama mbele ya usharika wote na mtoto wake mgongoni, akiri dhambi ya kuzaa bila ndoa, aombewe, ndipo aruhusiwe tena kushiriki meza ya Bwana.

"Na wewe, Mama Mchungaji," Mzee Kirenga akasema, "tunaomba umshike mkono umlete mbele. Wewe ndiye mama wa vijana wetu wa huko nje ya nchi. Itapendeza."

Itapendeza! Alilisema neno hilo huku akichovya mkate kwenye chai yangu.

"Ameomba mwenyewe?" nikauliza.

"Ameambiwa."

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Niliwasindikiza mpaka getini, wakaondoka wakiamini nimekubali, maana mwanamke akinyamaza watu humjazia jibu wanalolitaka.

Huyo Aikande si mtu wa mbali kwangu. Mume wangu, Mchungaji Anaeli, ambaye mimi nilimwita Baba Eli, alipostaafu aliombwa na kanisa tuwe tunakwenda nchi za kaskazini kila zinapoingia katika majira yao ya joto, kuwatembelea vijana wetu walioko huko. Wachache walisoma. Wengi walichuma matunda mashambani, walisafisha hoteli, waliwahudumia vikongwe katika nyumba za kutunzia wazee. Basi tulikuwa wazee wawili na mabegi yetu, tunapanda treni, tunashuka kwenye vituo ambavyo Baba Eli alitaja majina yake kama mtu anayetafuna kokoto. Tukifika tunatafuta ndizi, napika mtori, yeye anasoma Neno, halafu tunawasikiliza. Nilikuja kuona kwamba kule kusikiliza ndiko kulikokuwa ibada yenyewe. Kijana anaweza kukaa mwaka mzima katika nchi ya watu asiulizwe na mtu yeyote, "Umelala salama?"

Katika safari yetu ya mwisho Baba Eli aliugua. Tulikuwa katika mji mdogo, kaskazini kabisa, mahali ambapo jua la kiangazi halitui. Aikande alikuwa akiishi hapo, anafanya kazi katika nyumba ya wazee. Alitupa kitanda chake, yeye akalala sakafuni jikoni. Alipokosa kwenda kazini zamu kadhaa kwa ajili yetu, wakamfukuza. Hakutuambia. Nilikuja kusikia kwa watu.

Baba Eli akafia hospitalini. Nikasema, mume wangu hataoshwa na watu wasiojua hata jina lake. Kwetu mwanamume huoshwa na wanaume, na vijana wa kiume walikuwepo, akiwemo Gilbert, kiongozi wa kwaya yao, kijana ambaye Baba Eli alimpenda kama Eli, mwana wetu. Walibaki koridoni. Waliogopa. Aikande ndiye aliyekunja mikono ya gauni lake akaniambia, "Mama, kaa hapo kwenye kiti. Mimi kazi hii naijua." Akamwosha taratibu, akimwambia kila anachofanya, "Baba, sasa nakuinua mkono. Baba, samahani, maji yamepoa kidogo." Akamvika soksi za sufu, kwa sababu, alisema, safari ni ya baridi.

Siku ya maziko, huku nyumbani ambako Aikande alinisindikiza na mwili, Mzee Kirenga alisimama akamshukuru kwa kipaza sauti. Usharika ukapiga makofi.

Aikande alirudi huko akahangaika kutafuta kazi nyingine. Aliporejea nyumbani moja kwa moja, alikuwa na mtoto. Mtoto ni wa Gilbert. Aliniambia mwenyewe, na baraza la wazee lilijua pia, kwa sababu mama yake aliwaeleza. Gilbert alikuwa ametangulia kurudi. Sasa ndiye mwalimu wetu wa kwaya, kila Jumapili yuko mbele na kinanda chake, suti safi, na akinamama wanasema sauti yake inawapandisha mbinguni.

Basi nililala na hayo.

Nikawa jikoni kwangu. Ni mchana mweupe, lakini ninajua ni usiku, kama kule kaskazini. Mlango wa nyuma ulifunguka, Baba Eli akaingia bila kubisha, amevaa suti tuliyomzikia, na miguuni soksi za sufu, hana viatu. Soksi zina matope. Sikuogopa. Nilichokiwaza ni kwamba ataichafua sakafu.

"Baba Eli, futa miguu."

Hakufuta. Alivuta kiti akakisukuma mbali, akavuta cha pili akakisukuma. Mume wangu hakuwahi kukasirika mbele yangu. Katika ndoa yetu mimi ndiye niliyekuwa moto, yeye maji. Nikisimama kusema kwenye mkutano wa akinamama alinivuta gauni chinichini, "Mama Eli, polepole." Sasa mishipa ya shingo imemtoka.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Wamekunywa chai hapa."

"Wamekunywa."

"Kwenye vikombe vyangu."

Na mimi hasira zikanipanda. "Ulitaka niwafukuze? Umeniacha peke yangu na watu hawa! Umelala huko kaburini juu ya mlima kwa raha zako, mimi ndiye ninayekaa nao, ninayewaandalia mikate, halafu unakuja kunihesabia vikombe?"

Akafungua mlango wa stoo. Ndani hamna stoo, ni behewa la treni. Akaingia, nami nikamfuata, nikiwa bado na kitambaa cha vyombo begani. Treni inakwenda bila sauti. Nje misitu ile ya miti myembamba myeupe inapita, na jua limekaa ukingoni mwa dunia, halipandi wala halishuki. Kwenye viti wamekaa vijana wetu wote. Yule aliyekuwa akichuma matunda, vidole vyake vyekundu. Yule wa hotelini, mashuka yamejaa mapajani mwake. Nikawasalimu, hakuna aliyeitikia. Wanatazama mbele tu. Baba Eli anapita katikati yao akimgusa kila mmoja kichwani, na kila anayeguswa anainama kidogo, kama mtu aliyepitiwa na upepo.

"Wamechoka," nikasema.

"Hawajachoka. Wanasubiri kuona tutamfanya nini mwenzao."

Behewa likaisha, tukawa koridoni. Naijua korido ile. Taa zinazomeremeta, harufu ya dawa, kuta za kijani kibichi. Wavulana wamesimama wameegemea ukuta, na Gilbert yuko mbele yao na kinanda amekikumbatia kifuani kama mtoto. Mlango wa chumba uko wazi. Ndani, Baba Eli amelala kitandani, na huku nje Baba Eli amesimama kando yangu, na sioni ajabu. Aikande yupo humo ndani, amekunja mikono ya gauni. Ana mtoto mgongoni, ingawa siku ile hakuwa na mtoto. Anaosha. Anakamua kitambaa, anaosha. Midomo yake inatikisika, anamwambia kila anachofanya, ila sasa sisikii.

Baba Eli akamwendea Gilbert. Akamsimamia karibu kabisa, pua kwa pua.

"Ingia," akasema.

Gilbert hakupepesa jicho.

"Ingia umsaidie!" Sauti ile sijawahi kuisikia hata madhabahuni. Gilbert anatazama kucha zake. Baba Eli akainua mkono kumpiga, mkono ukapita kwenye bega la kijana kama unavyopita kwenye moshi. Akaurudisha, akautazama. Halafu akanigeukia, na nikaona kwamba hasira yake yote haikuwa juu ya wazee wala juu ya chai. Ilikuwa hasira ya mtu anayeona nyumba inaungua na hana mikono.

"Mimi hawanisikii," akasema. "Wewe una sauti."

"Sauti ipi? Wewe si ndiye uliyeniambia maisha yako yote, polepole, Mama Eli, polepole?"

"Usinikumbushe."

Alisema hivyo kwa ukali, kisha akafanya kama aliyetaka kucheka, ila hakucheka. Ndani ya chumba maji yakaanza kumwagika kutoka kwenye beseni, yanakuja koridoni, wavulana wanainua miguu yasiwalowanishe viatu. Baba Eli peke yake hakuinua. Soksi zake zinalowa, matope yanatoka.

"Waulize," akaniambia. "Waulize wazee, mtoto huyu ameletwa na nani. Uulize mbele ya Gilbert, naye ajibu mbele yako. Kisha mkono wa yule binti, usiushike wewe wala mtu yeyote, kumpeleka mahali asipotaka."

Nikataka kumuuliza kama kule aliko kuna baridi. Nikafungua mdomo, nikajikuta ninasema kwa sauti chumbani mwangu, "Baba Eli," na jogoo wa jirani anawika, na taya langu linauma kwa kukazwa.

Sikunywa chai. Nilioga, nikavaa, nikashuka kanisani kabla kengele ya kwanza haijalia. Ofisini walikuwepo mchungaji wetu wa sasa, kijana aliyepata kipaimara mikononi mwa mume wangu, pamoja na Mzee Kirenga na wenzake.

"Shikamoo, Mama Mchungaji," mchungaji akasema. "Umewahi."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Mtoto wa Aikande ameletwa na nani?"

Wakatazamana. Mzee Kirenga akakohoa. "Mama, hilo la mwanamume ni gumu kulithibitisha. Kanisa linashughulika na kinachoonekana."

"Kinachoonekana ni mtoto, na mtoto hakuzaliwa na mtu mmoja. Gilbert yuko hapo kanisani anafunga nyaya za kinanda. Mwiteni athibitishe."

"Mama, tutaharibu ibada."

"Mnaogopa kuharibu ibada, hamuogopi kumharibu binti!" Nilipiga meza. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. "Binti huyo alimwosha mchungaji wenu wakati wanaume wote wamesimama nje. Mlimpigia makofi hapa hapa. Leo mnataka nimvute kama mbuzi wa sadaka, na mwenzake ampigie muziki?"

Mchungaji aliinuka, akatoka, akarudi na Gilbert. Kijana aliponiona, alijua. Nilimlisha kwa mikono yangu yule, na uso wake ninaufahamu. Hata katika hasira zangu nilimwonea huruma, na huruma ile ikanizidishia hasira.

"Gilbert, mwanangu," nikamwambia. "Mtoto wa Aikande ni wa nani?"

Alitazama kucha zake. Nikangoja. Mzee Kirenga akaanza kusema neno, mchungaji akamzuia kwa kiganja.

"Ni wangu, mama," Gilbert akasema. "Niliogopa."

"Najua uliogopa. Nilikuwepo."

Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema leo hakuna atakayeitwa mbele. Akasema mambo haya watayakalia upya, na wote wawili wataitwa pamoja na wazazi wao, au hataitwa yeyote. Mzee Kirenga akachukua kofia yake akatoka. Alipita mbele yangu bila kuniaga, na mpaka leo tukikutana njiani ana kawaida ya kuangalia migomba.

Ibada ile tuliimba bila kinanda, kila mtu na ufunguo wake. Akinamama wawili watatu walihama benchi nilipokaa na Aikande. Niliwaona. Sitadanganya kwamba moyo wangu ulitulia, kwa sababu haukutulia. Nilimeza ushirika na hasira zangu, na kama ni kosa, Mungu ananijua.

Tulipotoka, Aikande alinisogelea nje ya mlango. Alikuwa amekwisha kusikia, habari za ofisini hazina miguu lakini zinakimbia. Mtoto alikuwa anamvuta hereni.

"Mama, nani alikuambia ukaseme vile?"

"Baba Eli."

"Lini?"

"Usiku."

Hakucheka, wala hakunitazama kama unavyomtazama mjane aliyeanza kuchanganyikiwa. Aliutoa mkono wa mtoto kwenye hereni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Anaendeleaje?" akauliza.

"Hajambo," nikamwambia. "Ila amekasirika sana."