Akikugusa Kiwiko, Mwitikie

Asubuhi hii, kwenye ngazi za jengo letu hapa Tassia, dadangu mdogo alimgusa kiwiko jirani mpya aliyebeba chupa ya chai. Jirani akaruka. "Wee! Huyu anataka nini?" Dadangu akaugeukia ukuta, paji la uso likakaribia saruji. Jambo hilo nalijua tangu tukiwa watoto mtaani Jericho.

Dadangu hasemi, rafiki yangu. Zamani akitaka maji au uji, alijigonga kichwa ukutani hadi apewe. Mwalimu wake akamfunza, kwa subira ya ajabu, kugusa kiwiko cha mtu badala yake. Shuleni akatulia kabisa. Likizo ilipofika akagusa viwiko vya watu mtaani, hakuna aliyeelewa, na muda si muda paji likavimba tena.

Nyanya yetu hakulia. Alimshika mkono akapita naye mlango kwa mlango: bombani, kwa fundi viatu, kwa mama wa mandazi aliyekaangia uani, harufu ya iliki ikituamsha kabla ya jogoo. "Akikugusa kiwiko, mwitikie. Kama huna kitu, inua kidole umwambie angoje. Lakini usimnyamazie." Fundi akamtania, "Nyanya, unagombea udiwani? Kura yangu unayo!" Nyanya akamchapa kwa ncha ya leso, akaanza maelezo upya.

Siku moja nyanya alikuwa amesafiri matangani. Dadangu akamgusa mama wa mandazi, akaona sinia tupu, akautazama ukuta. Hata fundi aliacha nyundo. Mama akainua kidole. "Ngoja kidogo, mami." Akamkatia kidonge cha unga uliobaki akikande. Dadangu akakanda, akangoja, hadi andazi lake likaiva. Sijaona tena watu wazima wakishangilia andazi namna ile.

Ua ule umejengwa maghorofa, fundi alirudi kwao, nyanya tulimzika. Nami miaka hii yote nilidhani dadangu alipona. Kumbe ni watu waliokuwa wakimwitikia.

Pale ngazini niliinua kidole. "Ngoja kidogo." Akaniangalia, akangoja. Nilipomweleza jirani, alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa. Namkumbuka nyanya. Jengo hili lina milango mingi, naye hayupo. Jioni nitamshika dadangu mkono, tuanzie ghorofa ya chini.