Bushi ya Distributa ya Bechir

Zamani injini ikifunguliwa, mwenye gari aliitwa aje ashike kwa mkono wake kila kifaa kilicholika. Leo gari linachomekwa waya wa kompyuta, na mwenyewe amekaa nje anachezea simu.

Katika gereji ya Mongi, pale Sfax, vifaa vibovu vilipangwa juu ya gunia, na kazi haikuendelea mpaka mwenye gari avishike. Bechir, dereva wa teksi ya kwenda Gafsa, alikuja na mkewe Zohra. Peugeot 404 yao ilikuwa imefumuliwa injini nzima, na Jumamosi ilitakiwa kumpeleka binti yao kwa bwana harusi, hukohuko Gafsa.

Wakashika pistoni, ringi, beringi. Ikabaki distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Mongi alikwisha kuinunulia kifuniko kipya, rota, kondensa na platini. Lakini alipoutikisa mhimili wake asubuhi ile, ulicheza kama jino la mtoto. Bushi ya shaba inayoushikilia ilikuwa imelika. Kukereza nyingine ni kazi ya nusu saa kwa Tahar, mwenye mashine ya kukerezea vyuma, mlango wa tatu kutoka hapo.

Mongi na Tahar walikuwa hawasemezani. Tahar hakuja kumzika mama yake Mongi, na Mongi aliapa hatakanyaga kizingiti chake. Basi distributa haikufika kwenye gunia.

"Na ile pale?" Zohra akauliza.

"Ile haina neno, shemeji. Nimeitia platini mpya."

"Mwache fundi, mama," Bechir akacheka. "Kesho utamfundisha kushika spana."

"Nauliza tu. Wewe ukiuziwa punda ukaambiwa ngamia, utampakia shehena."

Jumamosi gari lilitoka likinguruma vizuri. Joto la mchana lilipopanda, mhimili ukayumba, moto wa plagi ukawa unakuja na kupotea. Likakohoa, likazima katikati ya njia. Bibi harusi aliingia Gafsa kwenye pikapu ya kondoo, shela limejaa vumbi, wakwe wamesimama mlangoni tangu adhuhuri.

Bechir aliporudi hakufoka. "Fundi, tumekosea wapi?"

Mongi angeweza kusema. Bushi ilikuwa bado inabadilishika.

"Petroli," alisema. "Umeuziwa petroli chafu."

Bechir akasafisha tangi, akalisafisha tena. Gari likaendelea kuzima njiani, abiria wakamkimbia, mwishowe akaliuza kama chuma chakavu. Mnunuzi akalipeleka kwa Tahar, likakerezewa bushi mpya. Miaka kumi na miwili Mongi aliliona likipita mbele ya gereji yake, injini aliyoiunda yeye haikosi hata pigo moja.

Mara ya mwisho aliwakuta Bechir na Zohra kituo cha mabasi, na mablanketi na katoni iliyofungwa kamba, wakihamia kwa binti yao. Bechir aliweka mzigo chini akamkumbatia.

"Mkono wako haukuwa na kosa, kaka. Mimi ndiye niliyekawia kubadilisha kituo cha petroli."

Zohra hakumpa mkono. Alimtazama, akangoja. Mongi akafungua kinywa, na kilichotoka ni, "Msalimieni binti."

Wakapanda. Zohra alikaa upande wa dirisha, na basi lilipoondoka hakugeuza uso.