Pekupeku Goa ya Kale

Mtembezi hula miguu yake, walisema wahenga. Piedade Noronha amekula miguu ya wenzake kwa miaka kumi na minne, na sasa inamkaba kooni.

Ni saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi. Piedade amesimama kwenye mkanda wa mashine katika jiko kubwa la vyakula vya ndege, karibu na uwanja wa ndege wa Toronto. Nywele zake zimo ndani ya kofia ya wavu, mikono imo ndani ya glavu. Trei inapita, anaweka mkate. Trei inapita, anaweka siagi.

"Hizi ni za Delhi," anasema bila kuinua macho. "Nilikuwa naketi huko juu, naletewa trei hii, nalalamika mkate mgumu. Sasa mkate mgumu naupanga mimi."

Sughra, mzaliwa wa Mombasa anayefanya kazi kando yake, anamgusa kwa kiwiko. "Dada, siagi hiyo! Watalii wako hawapo hapa. Hapa hakuna wa kumwonyesha kanisa."

Piedade hacheki. Anaweka siagi.

Ana umri wa miaka hamsini na tisa na alizaliwa Tanga. Babu yake alitoka Goa, pwani ya magharibi ya India, kwenda kushona suti za maofisa wa bandari. Familia ilihamia Kanada Piedade akiwa msichana. Jikoni hulipwa dola kumi na nane kwa saa, na kutoka hapo hupanda basi mpaka chumba chake katika mtaa wa Rexdale, ghorofa ya kumi na moja.

Lakini kazi anayoiita kazi ni nyingine. Tangu mwaka 2011, kampuni moja ya safari ya Mississauga, mji jirani, ilimtuma mara kumi na moja kuongoza makundi ya wazee hadi Goa ya Kale. Ni mji uliowahi kuwa makao makuu ya Wareno, na leo umebaki makanisa, nyasi na mahujaji. Kila safari ilimpa dola elfu moja na mia tisa, tiketi, na majuma mawili ya kuitwa "mwalimu".

Wazee wake ni Wagoa waliozaliwa Tanga, Tabora, Nairobi na Kampala. Wengi Kikonkani cha mababu kimewatoka. Wakifika Goa, wenyeji huwaita Waafrika na kuwauzia maji kwa bei ya wageni. Kwa hiyo Piedade aliwatembeza kwa Kiswahili.

Aliwaonyesha kuta nyekundu za Bom Jesus, kanisa lisilopigwa lipu, akawaambia, "Jiwe hili ukilikwaruza ni kama udongo wa Moshi." Aliwapandisha polepole hadi mnara wa Mtakatifu Augustino, uliobaki nusu. Aliwapitisha chini ya tao la mawe kando ya mto Mandovi, walipokuwa wakiingilia magavana wa Kireno.

"Watu wengine huongoza kwa mwavuli ulioinuliwa juu," anasema. "Mimi nilikuwa naita tu, 'Twende jamani!' Kundi zima linageuka. Katika watu elfu kumi, wanaogeuka ni wangu."

Kila baada ya miaka kumi, mwili wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, uliohifadhiwa Bom Jesus, hushushwa na kupelekwa kwenye Kanisa Kuu ili mahujaji wapite mbele yake. Desemba 2024 ilikuwa zamu hiyo. Piedade aliondoka Toronto na wazee kumi na tisa.

Mmoja wao alikuwa Asumpta Pinto, mama wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka themanini na minne. Kundi lote lilimwita Mama Lisa, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Lisa ndiye aliyelipia safari. Aliandika maagizo: mama asishuke kwenye kiti cha magurudumu, asikae juani, apitishwe njia ya wazee na wagonjwa, ambayo huchukua dakika ishirini. Piedade aliyasoma na kuyatia sahihi. Hakatai hilo.

Ambacho Piedade hakukijua wakati huo ni kwamba Mama Lisa alikuwa na maagizo yake.

Mwaka 1969, katika hospitali ya Tabora, Lisa mwenye miaka minne alilala siku tisa kwa homa ya uti wa mgongo. Mama yake aliweka nadhiri: mtoto akipona, atakwenda kwa mtakatifu pekupeku, na atapanga foleni kama maskini wengine. Kwa alivyolelewa yeye, nadhiri hulipwa na miguu ya aliyeiweka. Mtoto hakulipii, na ukiendeshwa kwenye kiti hujalipa.

Lisa alipona. Mwaka 1974 nauli haikuwapo. Mwaka 1984 watoto walikuwa na mitihani. Mwaka 1994 mume alikuwa mgonjwa wa moyo. Mwaka 2004 kiwanda alichofanyia kazi hakikumpa likizo. Mwaka 2014 alikuwa ametoka kupasuliwa goti. Miaka hamsini na mitano, na bibi huyu bado alikuwa na deni mbinguni.

Asubuhi ile, kundi liliposhuka kwenye basi kando ya mto, Mama Lisa alivua viatu na kumkabidhi Piedade.

"Mama Lisa, kiti hiki hapa," Piedade alimwambia.

"Kiti mkalishe Custodio. Mimi nina safari yangu."

Custodio, mstaafu wa posta ya Dar es Salaam mwenye miaka sabini na tisa, alidakia: "Usinizeeshe wewe! Mimi nimekuja kumwona mtakatifu, na hadi sasa nimeona mgongo wa huyu bwana mbele yangu tu."

Watu walicheka. Piedade hakucheka. Alimuuliza mara ya kwanza kama ana hakika. Bibi akasema anayo.

Foleni ilizungushwa chini ya mahema, ikarudi ilikotoka, ikazunguka tena. Hadi saa nne ulimi ulikuwa ukigandamana na kinywa. Piedade alimnywesha maji na kumshika kiuno. Akamuuliza mara ya pili.

Katika saa ya tatu ya kusimama, midomo ya bibi ilianza kuwa myeupe. Hapo ndipo Piedade hurudi kila siku, akiwa kwenye mkanda, kwenye basi, akiosha vyombo.

"Niliiona midomo. Sikatai. Nikamwambia, mama, tutoke, Mungu anaelewa. Akanishika mkono hapa," anasema, akionyesha juu ya kifundo. "Akaniambia, 'Mwanangu, Mungu anaelewa, lakini mimi niliahidi. Ukinitoa hapa nitakulaani.' Mtu mzima akikuambia hivyo, utafanyaje? Utambeba kama gunia?"

Walifika mbele ya mtakatifu baada ya muda wa saa nne na nusu. Mama Lisa aliweka kiganja kwenye kioo cha jeneza, akasema maneno ambayo Piedade hakuyasikia, akatoka kwa miguu yake. Nje alikaa kwenye ngazi, akaomba chai yenye maziwa mengi. Chai ilipofika, mkono wake wa kulia haukuinuka.

Kilikuwa kiharusi. Alirudishwa Kanada baada ya wiki tano, na tangu hapo amelala katika nyumba ya kutunzia wazee. Hasemi.

"Hilo ndilo linaloniua," anasema Piedade. "Hawezi kuniambia kama alifurahi. Labda analala pale akinilaani kwa kutomtoa. Sijui. Nitakufa bila kujua."

Alikwenda kumtazama mara moja. Mlangoni aliambiwa jina lake liko kwenye orodha ya wasioruhusiwa. Kanisani, watu aliowaongoza miaka kumi na minne humpa mkono wa amani kwa vidole viwili. Kampuni ilimsimamisha. Alikuwa na marafiki wengi; leo anataja Sughra, kisha anatafuta wa pili.

Lisa, ambaye sasa ana miaka sitini, anaelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza. Hakatai habari ya nadhiri. "Iliwekwa kwa ajili yangu, na sikuiomba," anasema. "Nilikuwa na miaka minne. Sasa nimebebeshwa mama yangu, kwa sababu ya homa nisiyoikumbuka."

Hakwenda mahakamani. Anataka barua ya kuomba radhi, isomwe kanisani. Warren, mwenye kampuni, amesema barua ikipatikana, Piedade ataongoza kundi la Desemba hii. Isipopatikana, asirudi tena.

Piedade anajua hesabu ya miaka. Mwili utashushwa tena mwaka 2034, naye atakuwa na miaka sitini na minane. Anapanga kwenda peke yake, bila kundi, na kusimama kwenye foleni ileile amwombee Mama Lisa. Ukimwuliza kama anaamini atafika, anatazama mikono yake iliyovimba kwa baridi ya jiko linalopozwa kama friji. "Sidhani," anasema.

Jumamosi, saa nne asubuhi, barua iko mezani ofisini kwa Warren. Ina mistari sita. Lisa ameketi dirishani, koti hajavua.

"Anti, watu ishirini na wawili wamejiandikisha," anasema Warren. "Kila mmoja ameuliza kama ni wewe. Radhi ni neno tu, anti yangu. Andika tuendelee na maisha."

"Namlisha mama kwa kijiko," anasema Lisa. Safari hii anasema kwa Kiswahili, kila neno kwa shida. "Nataka mtu mmoja aniambie amekosa."

"Kumlisha nitakuja," Piedade anajibu. "Kumgeuza, kumwosha, kila Jumapili, ukiniruhusu."

"Sikutaki kwake."

"Haya."

Anaisoma barua mpaka mwisho, kidole kikifuata mistari. Kisha anaisukuma taratibu hadi upande wa pili wa meza, na kalamu juu yake.

"Mama yako alikuwa na akili zake timamu, Lisa. Nikiandika kwamba nilikosa, nimemfanya mtoto mchanga, na hana tena mdomo wa kunikanusha. Wewe nakuhurumia, na kazi hii naililia. Lakini siombi radhi."