Tulipoipigia Kura Siku ya Kukagua Mashine

Kila Alhamisi mume wangu aliifunga mashine ya kusaga ya kijiji ili aikague. Alikaza nati, akatia grisi, kisha akaupitisha mkanda wote mikononi mwake, hasa pale ulipounganishwa kwa vibano vya chuma. Siku nyingine zote asubuhi alikuwa kwenye shamba la ujamaa kama sisi sote, na alasiri alisaga. Alhamisi, siku isiyo na kazi ya shamba, ndiyo siku pekee aliyokuwa nayo.

Na sisi wanawake tulikuwa na nafasi siku hiyo hiyo! Unapanda kutoka ziwani na debe la makopa ya muhogo kichwani, watoto umewaacha wanalia njaa, unakuta mlango umefungwa. Anakagua. Jamani, nani asingekasirika?

Mimi nilikasirika kuliko wote, na mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikamuuliza mume wangu mbele za watu, "Hiyo ni mashine ya kijiji, au umeoa mke wa pili unayemkagua kila wiki?" Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Yeye alijibu taratibu tu, kwamba kibano hakipigi hodi kabla ya kuachia. Nikamwambia asitutishe. Tukapiga kura, ikapita: ukaguzi uwe mara moja kwa mwezi.

Alhamisi ya kwanza tulisaga kwa vigelegele. Wiki ya pili, tukila, akaniambia, "Mama watoto, mkanda umeanza kugonga kila kiungo kinapopita kwenye gurudumu." Nikamwambia avumilie, mwisho wa mwezi hauko mbali. Ugali wake hakuumaliza.

Alhamisi ya tatu niliusikia mwenyewe nikiwa kwenye foleni. Tak, tak, tak, ndani ya ngurumo ya injini. Niliogopa, sitaficha. Mume wangu alinitazama kutoka kando ya mashine, akingoja nimwambie azime. Nyuma yangu walikuwa wale wale niliowasemea mkutanoni, na zamu yangu ilikuwa imefika. Nikamimina makopa yangu mashineni.

Debe langu halijafika nusu, mkanda ukakatika. Ncha yenye vibano ilimpiga mume wangu mkono wa kulia, akakaa chini palepale kwenye unga. Injini ikaendelea kunguruma hadi mtu akakumbuka kuizima.

Tulimpeleka hospitali ya Liuli kwa mtumbwi. Huko mkono ulikatwa chini ya kiwiko.

Siku ya pili nesi alikuja na kalamu, akauliza ilikuwaje. Mume wangu akasema, "Uzembe wangu, dada. Niliacha kuikagua." Nesi akatikisa kichwa, akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa miguuni pa kitanda, akaniuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

Nikasema ndiyo.