Mate Hupokelewa kwa Mikono Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Lukafu, nilikunja pua. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi wa maabara na koti jeupe lililopigwa pasi na mama, nikidhani nitakabidhiwa hadubini na kuheshimiwa. Badala yake mkulima mmoja, aliyeshukiwa kifua kikuu, akaninyooshea kopo la makohozi, nami nikalipokea kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo cha afya, aliona. Alingoja yule mzee atoke.

"Ile kitu muntu anakuletea mu kopo, iko ye mwenyewe," akaniambia. "Kwenu banapokelaka muntu na vidole mbili?"

"Hapana, Titulaire."

"Basi shika na mikono mbili. Na ile pua, uiache ku nyumba."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa elimu yangu, na ninyi mnaoanza leo nawaambia haujachakaa. Nilifanya kazi ya maabara maisha yangu yote, nikastaafu nikiwa fundi wa homoni. Wanasema kizuri chajiuza, lakini nimeona vizuri vingi vikioza sokoni, kwa hiyo changu nitakisema mwenyewe.

Kutoka Lukafu nilihamishiwa Lubumbashi, katika maabara ya hospitali ya misheni, chini ya Ma Sœur, mtawa aliyekuwa Chef wa maabara. Huyo hakuwa na mchezo. Akikuta bomba la kioo lina doa, aliliweka mezani mbele ya wote, kisha akakutazama tu, na ulitamani sakafu ikumeze. Alinifundisha biokemia: kupima sukari, figo, ini. Umeme ukikatika, tulizungusha kwa mkono sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu mpaka chembe zitulie chini na majimaji yabaki juu. Mabega yangu yalijengwa pale. Ninyi mnabonyeza kitufe, halafu mnalalamika mmechoka.

Miaka ya mwisho akaja Docteur wa homoni, na mimi nikapewa meza yake. Homoni ni ujumbe ambao tezi hupeleka mwilini kupitia damu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa kortisoli, homoni inayotuamsha asubuhi. Jioni hupungua, na mtu akikaribia kulala inabaki kidogo sana. Lakini kuna uvimbe wa nadra usiojua kupumzika, unaotoa kortisoli mchana kutwa usiku kucha. Mgonjwa huvimba uso ukawa mviringo, tumbo likapata michirizi ya zambarau, presha ikapanda, miguu ikakosa nguvu. Watu wa mtaani wao wana majibu tayari: amepata pesa, amezidisha mafuta ya kung'arisha ngozi, au ni mchawi anayekula watu.

Mama Véronique wa mtaa wa Makomeno alisemwa yote matatu. Alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, mama wa misa ya kwanza, na shangazi mkubwa wa ukoo wake. Picha ya skana ilionyesha uvimbe juu ya figo la kushoto. Lakini picha haisemi kama uvimbe unatoa homoni au umekaa tu, na daktari wa upasuaji alikataa kushika kisu bila ushahidi. Walimlaza hospitalini ili atolewe damu saa ya kulala. Kortisoli ilikuwa juu, lakini Docteur hakuridhika.

"Muntu akiogopa shindano ya kutosha damu, kortisoli inapanda yenyewe," alisema. "Hii damu inatuambia uvimbe ao woga?"

Tulikuwa tumeanza kupima mate, na hayo ndiyo yangetoa jibu. Kortisoli huingia katika mate bila sindano yoyote. Mgonjwa yuko kwake, ametulia, na kabla ya kulala anatafuna kipamba, anakitemea ndani ya kibomba, anafunga. Asile wala asipige mswaki kabla, maana fizi zikitoka damu kipimo kinaharibika. Pamba haishikwi kwa vidole pia, kwani mafuta mengi ya ngozi yana homoni ndani. Na mate hayaharibiki upesi hata friji ikizimika, jambo ambalo katika mji wetu si dogo.

Mama Véronique akakataa.

"Tantine, ni mate tu!" alilalamika Solange, mtoto wa kaka yake aliyemleta.

"Mate tu? Batoto yote ya famille, ni mi njo nabatemeaka mate ku mikono, mbele ya ndoa, mbele ya safari. Mate yangu iko baraka. Sasa niiweke mu kibomba, iende kwa bantu benye sijue? Bakitengeneza nayo mubaya, mi nitabariki na nini?"

Solange akaanza kulia. Mimi moyo uliniuma, kwa sababu Docteur alikwisha kutuambia waziwazi kwamba bila kupasuliwa moyo wa mama yule hautadumu. Ningeweza kumpa hotuba ya sayansi. Lakini mtu anayelinda kitu chake hafukuzwi kwa maneno makubwa.

"Mama, uko na haki," nikamwambia. "Hata mi singeachia yangu muntu mwenye sijue. Kuya uone kwenye inaenda."

Docteur angeweza kunikatalia, maana wageni hawaingii maabara. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Aingie. Mumupatie blouse." Basi Mama Véronique akavaa koti jeupe kama sisi, akatembezwa. Nikamwonyesha sentrifuji, nikamwonyesha sahani yenye vishimo ambamo mate hupimwa kwa rangi, na nyuma ya jengo nikamwonyesha tanuri la kuchomea mabaki.

"Yenye itabakia tutaichoma mbele ya macho yako," nikamwahidi.

Akachungulia ndani ya tanuri, akavua koti, akaenda zake. Lakini kesho yake asubuhi alifika na kibomba kimefungwa ndani ya leso. Nilivaa glavu, nikakipokea kwa mikono miwili, nikainama kidogo. Alinitazama mikono kwa muda.

"Nani alikufundisha kupokea vile?"

"Titulaire wa Lukafu."

"Aa. Basi ulifundishwa na muntu."

Tulipima mate ya jioni ile, tukamwomba na ya jioni nyingine ili tusibahatishe. Katika kipimo chetu homoni ikiwa nyingi rangi hufifia, na vishimo vyake vilibaki vimepauka mara zote mbili. Docteur alitazama, akavua miwani. "Ni uvimbe," akasema, akaenda mwenyewe kwa daktari wa upasuaji. Mimi nilimpeleka Mama Véronique kwenye tanuri. Alisimama pale mpaka moshi ukaisha.

Walimpasua, wakauondoa uvimbe. Alikunywa vidonge muda mrefu, kwa sababu ile tezi ya pili ilikuwa imezoea kukaa bure na ilihitaji kuamshwa polepole. Uso wake ukarudi. Nilijivuna, na bado najivuna. Tangu hapo kila mgonjwa wa mate alipewa koti, akaonyeshwa njia yote mpaka kwenye tanuri, na wakati wangu hakukataa hata mmoja. Koti lile la wageni bado linaning'inia mlangoni. Atakayeliondoa atanikuta.

Siku ya kuniaga walinunua vinywaji, wakanipa kitenge, Docteur akatoa hotuba ndefu kuliko misa. Ndipo Mama Véronique akaingia, mwembamba, anatembea mwenyewe, kavaa liputa, kitenge chake cha sikukuu. Solange alikuwa nyuma yake amebeba mtoto mgongoni.

"Leta mikono," akaniambia.

Nikatoa mmoja, maana mwingine ulikuwa umeshika soda.

"Mbili! We mwenyewe njo unajua."

Nikaweka chupa chini. Akanishika viganja, akavifungua, akatemea mate kidogo katikati ya kila kimoja, akasema, "Uende muzuri, mutoto yangu. Hii haiko ya kupima." Miaka yote ile nilikuwa nimepokea mate ya watu nikiwa na glavu, na siku hiyo sikuwa nazo. Machozi yalinitoka mbele ya vijana wote wa maabara.

Sikujifuta uso wala viganja. Nilirudi nyumbani kwa miguu, viganja wazi, na mlango nikausukuma kwa bega.